Dawa ghali za kansa kwenye hospitali za umma: maswali mnayoniuliza kila siku

Mi sio daktari. Nilimsindikiza dada yangu kwenye sindano 18 za kansa ya titi, kila baada ya wiki tatu, mwaka mzima na kitu, nikawa nakaa kwenye benchi la nje ya chumba cha dripu na faili lake mapajani, na pale benchini ndo nilijifunza karibu yote niliyoandika hapa, mengine nimeyasoma baadaye usiku nikiwa sina usingizi. Toka wakati huo watu wananitafuta na maswali yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka sehemu moja. Nikisema "muulize daktari" namaanisha kabisa, usibadili dozi wala usiache dawa kwa sababu ya kitu ulichosoma kwangu.

Daktari ameandika dawa, na ipo kwenye orodha ya serikali ya dawa muhimu. Mbona dirishani wanasema hakuna?

Kwa sababu orodha sio stoo. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, walitoa orodha yao ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, huwa wanaipitia kila baada ya miaka miwili, na nchi nyingi zinaitumia kutengeneza ya kwao. Mwaka 2015 ndo waliingiza trastuzumab, ile ya kansa ya matiti yenye HER2 nyingi (HER2 ni protini ya juu ya seli inayoisukuma kansa ikue) ambayo wengi mnaijua kwa jina la Herceptin, pamoja na imatinib ya kansa ya damu ya CML na rituximab ya limfoma, kansa ya tezi za limfu. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Lakini dawa kuingia kwenye orodha maana yake wataalamu wamekubali inafaa kununuliwa, basi, haina maana kuna mtu ametenga hela. Baada ya orodha kuna bajeti, baada ya bajeti kuna tenda, halafu mzigo ufike, halafu mgao wa hospitali ipi ipate chupa ngapi, halafu ndo unakuja wewe na cheti chako dirishani. Dawa inaweza kukwama popote hapo katikati na wewe utapewa jibu lilelile moja, hakuna.

Kwa hiyo usiondoke na hilo neno peke yake. Uliza ni "hakuna" ya aina gani. Haijawahi kununuliwa? Ilikuwepo imeisha? Au ipo ila wewe hujapitishwa? Haya ni majibu matatu tofauti kabisa na kila moja lina mtu wake wa kumfuata. Ikiwa haijawahi kununuliwa hilo ni la wizara na bima, ikiwa imeisha mfamasia mkuu anajua mzigo unategemewa lini, na ikiwa hujapitishwa rudi kwa daktari wako, kwa sababu kuna fomu au kamati mahali ambayo haijaona jina lako. Dada yangu alipoteza wiki sita kwenye hilo la tatu, sisi tukidhani dawa imeisha kumbe fomu yake ilikuwa haijasainiwa.

Kwa nini ni ghali hivi? Si ni kidonge tu?

Kukitengeneza kidonge chenyewe sio ghali, na hili linauma ukishalijua. Kampuni ikigundua dawa inapewa patenti, kawaida miaka 20 tangu kuomba, na ndani ya muda huo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitengeneza, kwa hiyo bei inapangwa na muuzaji mmoja mbele ya mnunuzi ambaye mgonjwa wake anakufa. Hebu fikiria mazungumzo ya bei ya namna hiyo.

Imatinib ndo mfano ninaoupenda kuutoa kwa sababu ni dawa nzuri kweli. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2001, kidonge cha kumeza nyumbani, na watu wa CML waliokuwa wanakufa ndani ya miaka michache sasa wengi wanaishi karibu sawa na mtu yeyote. Ilipoanza bei yake Marekani ilikuwa kama dola 30,000 kwa mwaka, ikafika 2012 imepita 90,000, dawa ni ileile, haijabadilika kitu. Mwaka 2013 madaktari na watafiti wa CML zaidi ya 100 wakaandika kwa pamoja kwamba bei hizi zimezidi, na mmoja wao alikuwa Brian Druker, ambaye kazi yake ndo ilifanya dawa hiyo iwepo.

Kampuni zinasema utafiti ni gharama na dawa nyingi zinafeli njiani, na ni kweli zinafeli. Ila WHO walitoa ripoti ya bei za dawa za kansa, wakapiga hesabu wakiwa wameshaweka ndani na zile zilizofeli, wakakuta kwa kila dola 1 ya utafiti dawa ya katikati (nusu ya dawa ziliipita, nusu zilikuwa chini yake) ilishaingiza mauzo ya dola 14.50. Mimi baada ya kusoma hiyo namba ile hoja ya "tunarudisha gharama" sijaweza kuisikia tena kama zamani.

Na kuna usiri. Serikali inanunua kwa bei ya punguzo lakini inasainishwa kutosema ni punguzo la kiasi gani, kwa hiyo nchi ya jirani haijui kama inapigwa. Mwaka 2019 mkutano mkuu wa WHO ulipitisha azimio la kutaka bei halisi ziwe wazi zaidi. Azimio halimlazimishi mtu, lakini angalau limeandikwa.

Mwenzangu tuna ugonjwa mmoja, kliniki moja, yeye amepata mimi sijapata. Kwa nini?

Hili swali ndo lilinifanya nianze kuandika.

Kuna mama mmoja tulikuwa tunakaa naye benchi moja, kansa ya titi kama dada, umri haupishani sana, mafaili yao hata rangi ni moja. Dada anaitwa ndani, yeye anabaki. Wiki tatu zikipita tunarudi, dada anaingia, yeye amekuja kuuliza tu. Raundi ya nne nikamwomba tuangalie ripoti yake ya maabara. Ilikuwa imeandikwa HER2 alama mbili. Ya dada ilikuwa tatu. Tatu ni ndiyo, sifuri na moja ni hapana kwa dawa hii, na mbili maana yake haijulikani, kinahitajika kipimo cha pili kinachoitwa FISH ndo useme. Hicho cha pili hakikuwa kinafanyika pale, alitakiwa apeleke kinyama chake, kile kipande cha uvimbe kilichokatwa kupimwa, maabara nyingine, na hakuna mtu aliyemwambia. Yeye alikuwa anajua tu kwamba dawa "haijafika zamu yake".

Kwa hiyo sababu ya kwanza inaweza kuwa ya haki kabisa, ugonjwa wenu sio mmoja. Kama 15 hadi 20 kati ya kila kansa 100 za matiti ndo zina HER2 nyingi, na kwa ambaye hana trastuzumab haimsaidii kitu, hata apewe bure. Lakini angalia jinsi sababu ya haki inavyogeuka kuwa ya dhuluma pale ambapo kipimo cha kujua uko upande upi ni cha kulipia, au kiko mji mwingine, au kinyama chako kilikaa muda mrefu kabla ya kutiwa fomalini ya kukihifadhi kikaharibika na hakuna anayekupigia simu kusema kimeharibika.

Sababu nyingine: hatua ya ugonjwa (mgao ukiwa mdogo wengi wanawapa kwanza ambao kansa haijasambaa, kwa sababu hao wanaweza kupona), hali ya moyo kwa sababu dawa hii inaweza kuuchosha moyo na unatakiwa eko (kipimo cha picha ya moyo) kabla ya kuanza na kila baada ya miezi kama mitatu, aina ya bima, na umbali. Anayekaa masaa nane kutoka hospitalini akikosa raundi mbili kwa sababu ya nauli anaonekana kwenye faili kama "hafuati matibabu".

Halafu kuna ile sababu ambayo nyote mnaijua na hakuna anayeiandika. Mwenzio ana mtu anayemjua ndani. Nimeiona. Sisemi kila chupa inaenda hivo, wauguzi wengi niliowaona walikuwa wanalia na sisi, nasema tu kwamba pale ambapo vigezo havijabandikwa ukutani, kujuana ndo kunakuwa kigezo, hata bila mtu kukusudia ubaya, kwa sababu mgao ni lazima ufanyike kwa namna fulani na mwenye sauti ndo anakumbukwa.

Hospitali hiyohiyo, wodi ya kulipia dawa ipo, ya umma haipo. Hii ni sawa?

Mi naona sio sawa, lakini ujue inatokeaje. Mara nyingi ule upande wa kulipia unanunua dawa zake kivyake kwa hela ya wagonjwa, sio kwamba wamechukua ya kwenu. Uingereza walipigana sana na jambo hili. Zamani mgonjwa wa NHS, huduma yao ya afya ya umma, akijinunulia dawa ambayo NHS haitoi aliweza kuambiwa sasa wewe ni wa kulipia, kwa hiyo lipia na kitanda na vipimo na kila kitu. Mwaka 2008 Profesa Mike Richards akapewa kazi ya kupitia hilo, na ikaamuliwa kwamba mtu anaweza kujiongezea dawa bila kunyang'anywa matibabu yake mengine ya umma, mradi ile ya kulipia itolewe kando.

Kwa hiyo kama unajinunulia chupa na mtu anakwambia ukifanya hivo utapoteza nafasi yako ya umma, omba akuonyeshe imeandikwa wapi.

Nani anaamua dawa ipi serikali inunue? Wanawekaje bei kwenye uhai wa mtu?

Kuna nchi zina chombo maalumu. Uingereza ni NICE, kilianza 1999. Wanachukua gharama ya dawa wanaigawa kwa miaka ya maisha yenye afya inayoongeza, na kwa miaka mingi mstari wao ulikuwa kati ya pauni 20,000 na 30,000 kwa mwaka mmoja kama huo. Ikizidi sana wanasema hapana au wanairudisha kampuni ikapunguze bei. Watu wanasema ni ukatili, na mimi nilisema hivo mwanzoni. Siku hizi naona tofauti kidogo, kwa sababu mahali ambapo hakuna mstari uamuzi bado unafanyika, unafanyika tu gizani, dirishani, na mtu mmoja aliyechoka saa tisa mchana.

Kesi inayoonyesha hili vizuri ni ya Ann Marie Rogers, alikuwa na kansa ya titi ya hatua za mwanzo, akanyimwa Herceptin na mamlaka ya afya ya eneo lake, Swindon huko Uingereza, wakati maeneo mengine wanawake walikuwa wanapewa. Mamlaka ilisema inatoa kwa mwenye hali ya kipekee tu, lakini ilikuwa imesema pia kwamba hela sio tatizo, na haikuweza kueleza hali ya kipekee ni ipi. Aprili 2006 Mahakama ya Rufani ikasema sera hiyo haina mantiki, huwezi kutofautisha mgonjwa mmoja na mwingine wenye ugonjwa uleule bila sababu inayoeleweka. Mahakama haikusema kila mtu apewe kila dawa, ilisema ukimnyima mtu lazima sababu iwepo na ieleweke. Nilipoisoma hiyo nilimkumbuka yule mama wa benchi.

Kuna mbinu nyingine nzuri pia. Mwaka 2007 hukohuko Uingereza, kwa dawa ya bortezomib ya kansa ya mieloma, walikubaliana na kampuni kwamba mgonjwa ambaye dawa haijamfanyia kazi baada ya raundi za mwanzo, kampuni inarudisha hela. Na kuna mbinu iliyowashinda: mfuko maalumu wa dawa za kansa ulioanza 2011 kwa pauni milioni 200 kwa mwaka, ukalipia dawa ambazo NICE ilizikataa, matumizi yakaja kupita bajeti, ikabidi 2016 uundwe upya wote. Kuongeza hela bila kubana bei ni kama kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Kila dawa mpya ni bora kuliko ya zamani?

Hapana, na hili naomba msome polepole. Watafiti waliangalia dawa za kansa zilizoruhusiwa Ulaya kati ya 2009 na 2013, matumizi 68 kwa jumla (dawa moja inaweza kuruhusiwa kwa kansa zaidi ya moja), wakakuta 57% ziliingia sokoni bila ushahidi kwamba zinaongeza maisha au zinayafanya yawe bora. Ilichapishwa kwenye jarida la BMJ mwaka 2017. Uvimbe unaweza kupungua kwenye skani na mgonjwa asiishi hata wiki moja zaidi.

Muulize daktari wako hivi, kwa heshima: dokta, kwa mtu kama mimi dawa hii inaongeza nini, ni kuponya au ni miezi, na ni miezi mingapi? Madaktari wa kansa wa Ulaya wa ESMO wana mizani yao ya kupima faida, kwa dawa za ugonjwa uliosambaa ni alama 1 hadi 5, na WHO wanapochuja dawa za kuingiza kwenye orodha wanaziangalia zenye 4 au 5. Trastuzumab kwa kansa ya mwanzo ni ya kupiganiwa mpaka mwisho. Kuna nyingine familia inafilisika kwa kitu ambacho kingekuwa wiki chache tena za kutapika.

Tumeambiwa kuna "bayosimila" ya bei nafuu. Si ndo feki hizo?

Sio feki. Dawa kama trastuzumab zinatengenezwa na seli hai, kwa hiyo mtengenezaji mwingine hawezi kuitoa nakala kwa asilimia mia kama kidonge cha jeneriki, lazima aonyeshe kwa vipimo na kwa wagonjwa kwamba inafanya kazi sawa na ina usalama sawa. Ikipita ndo inaitwa bayosimila. Desemba 2019 WHO waliidhinisha bayosimila ya kwanza ya trastuzumab, wakasema kwa wastani ile ya asili inakuwa kama dola 20,000 na bayosimila kwa kawaida iko chini kwa 65%. Dada yangu alianza na ya asili akamalizia na bayosimila na hatukuona tofauti yoyote zaidi ya rangi ya boksi.

Feki ni kitu kingine kabisa. Mwaka 2012 Marekani kwenyewe zilikamatwa chupa za Avastin, dawa nyingine ya kansa, ambazo ndani hazikuwa na dawa, na zilikuwa zimeshafika kwa madaktari. Kwa hiyo yule mtu wa WhatsApp anayesema ana chupa nusu bei, mkutane stendi, achana naye. Hata ikiwa ya kweli ilitakiwa ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 muda wote, na hujui ilisafirije.

Tuuze kiwanja tununue wenyewe?

Swali gumu na siwezi kukujibia. Ila fanya mambo haya kabla hujauza chochote. Kwanza piga hesabu ya kozi nzima, sio ya chupa ya kwanza, pamoja na eko za moyo, nauli, na dawa za pembeni. Nimeona familia zimenunua raundi nne kati ya 18 hela ikaisha, na hizo nne zingeweza kusubiriwa zikaanza pamoja na mgao wa serikali. Pili mwambie daktari ukweli wa mfuko wako mapema. Wengi wanaona aibu wanasema "tutajitahidi" halafu wanapotea.

Tatu, uliza kama kuna kozi fupi inayokubalika. Kwa trastuzumab ya kansa ya mwanzo Uingereza walifanya utafiti unaitwa PERSEPHONE, wanawake zaidi ya 4,000, wakalinganisha miezi 12 na miezi 6, matokeo yakatoka 2019 kwamba miezi 6 haikuwa duni na moyo ulisumbuka zaidi kwa wale wa miezi 12. Sio madaktari wote wanakubali, wengi bado wanashikilia mwaka mzima, na wana hoja zao. Lakini kama chaguo lako ni miezi sita au sifuri, hayo ni mazungumzo ya kufanya na daktari wako akiwa na faili mbele yake.

Hospitali haiwezi kufanya kitu chochote na dawa kidogo iliyonayo?

Inaweza, na hapa nawapa hesabu niliyofundishwa na mfamasia mmoja kwenye karatasi ya nyuma ya risiti. Chupa kubwa ya trastuzumab ni miligramu 440. Mwanamke wa kilo 60 dozi yake ya kila wiki tatu, ukitoa ile ya kwanza ambayo ni kubwa, ni miligramu 6 kwa kila kilo, yaani 360. Inabaki 80 kwenye chupa. Sasa kama kila mmoja anakuja siku yake na anafunguliwa chupa yake na mabaki yanamwagwa, wanawake sita wanakula chupa sita. Wakipangwa siku moja wote sita wanahitaji miligramu 2,160, na chupa tano zina 2,200. Chupa ya sita imebaki nzima kwenye friji. Na hiyo chupa ya 440 ikichanganywa na maji yake maalumu yenye kinga ya bakteria inaweza kukaa kwenye friji hadi siku 28, mradi ichanganywe kwa usafi unaotakiwa.

Alivyomaliza kuandika akanionyesha kwa kalamu, akasema hii chupa moja ni ya mtu aliyeko nje pale. Toka hapo wakibadilisha siku ya dada sikununa tena.

Kampuni zina programu za msaada. Nizitegemee?

Ukiipata ichukue. Novartis, kampuni yenye imatinib, kupitia shirika la Max Foundation walianza kutoa imatinib bure kwa wagonjwa wa nchi nyingi toka 2002, na kuna watu wako hai kwa sababu hiyo. Ila ni hisani, ina masharti, karatasi za kuthibitisha kipato, mara nyingine ni hospitali fulani tu ndo imesajiliwa, na kampuni inaweza kuisimamisha. Muulize ustawi wa jamii wa hospitali na wauguzi wa chumba cha dripu, hao wa dripu wanajua kuliko mtu yeyote.

Kuna nchi imewahi kuishinda bei?

Zipo. Sheria za biashara za dunia zenyewe zinaruhusu nchi kutoa leseni ya lazima, yaani serikali inaruhusu mtengenezaji mwingine atengeneze dawa yenye patenti kwa kumlipa mwenye patenti asilimia fulani, na Azimio la Doha la 2001 lilisema wazi kwamba haki hiyo ipo kwa ajili ya afya ya watu. Thailand Januari 2008 walitangaza leseni kwa dawa za kansa docetaxel, letrozole na erlotinib, na kwa imatinib kampuni ikaja na ofa ya kuwapa wagonjwa wa mpango wa umma bure. India mwaka 2012 waliipa kampuni ya Natco leseni ya sorafenib ya Bayer, inayotumika kwa kansa ya ini na figo, bei ikashuka kutoka kama rupia 280,000 kwa mwezi mpaka rupia 8,800. Mwaka uliofuata, Aprili 2013, Mahakama ya Juu ya India ikakataa patenti mpya ya Novartis kwa imatinib, kwa sheria inayosema huwezi kubadilisha umbo la dawa ya zamani kidogo ukadai patenti upya bila kuonyesha inatibu vizuri zaidi.

Na kuna njia ya upole. Medicines Patent Pool, shirika linaloomba kampuni leseni kwa hiari ili wengine watengeneze dawa, waliofanya kazi kubwa kwenye dawa za HIV, Oktoba 2022 walipata leseni yao ya kwanza ya dawa ya kansa, nilotinib, ingawa ni kwa nchi chache. Kwa watoto WHO na hospitali ya St. Jude ya Marekani walianzisha mpango wa kununua dawa kwa pamoja, dola milioni 200, na 2025 mizigo ya kwanza ikaanza kufika Mongolia na Uzbekistan. Dawa za watoto nyingi wala sio ghali, tatizo lao ni kwamba nchi moja inanunua kidogo sana mpaka hakuna anayejali kuiuzia.

Niende mahakamani?

Kuna nchi watu wanaenda na wanashinda, Brazil ni mfano mkubwa, katiba yao ya 1988 inasema afya ni haki ya wote na mahakama zinaamuru serikali inunue. Kama ndo njia iliyobaki sitakukataza. Kinachonisumbua ni kwamba hela ya hukumu yako inatoka kwenye bajeti ileile, na aliyeweza kupata wakili ndo aliyepata dawa. Kesi ninazozipenda ni zile zinazodai sera ibadilike kwa wote.

Si bora hizo hela ziende kwenye dawa za kawaida?

Kwa sehemu ndiyo. Cisplatin ni dawa ya zamani ya bei ndogo, inatibu kansa za shingo ya kizazi, korodani, kichwa na shingo, na mwaka 2023 iliadimika hata Marekani baada ya kiwanda kimoja India kusimamisha uzalishaji. Morfini ya kunywa ni rahisi sana na bado kuna wagonjwa wanakufa wakipiga kelele. Hospitali isiyo na hivi viwili isianze na sindano za mamilioni. Lakini sikubali ile kauli kwamba dawa ghali ni za nchi tajiri, kwa sababu trastuzumab inaponya, na mtu wa kuponywa yuko pale benchini.

Nimeambiwa "subiri". Nisubiri mpaka lini?

Omba tarehe. Hata kama ni ya kukisia, iandikwe kwenye faili, na iandikwe unasubiri kitu gani: kipimo, fomu, au mzigo. Kwa kansa ya mwanzo dawa kama hii kawaida inaanza karibu na kemo, haitakiwi ije baadaye sana, kwa hiyo miezi ikianza kupita rudi useme.

Mnaniuliza sana yule mama ilikuwaje. Tuliomba kinyama chake kitolewe, mwanae akakibeba kwenye bahasha mpaka maabara ya mji mwingine, majibu yakarudi baada ya wiki nne na siku mbili: anayo HER2. Alianza sindano yake ya kwanza siku dada yangu anachoma ya tisa. Juu ya faili lake, kwa kalamu nyekundu, muuguzi alikuwa ameandika tarehe zote 18.